Jumwa Kumi na Sita

Mueni alikuwa na ugonjwa ambao wenye nao huuona sifa: hakuweza kuliona neno lililoandikwa vibaya akalipita hivi hivi. Akikuta ukutani pameandikwa "Usikojowe hapa", mkono ulimwasha mpaka apate kalamu. Alizaliwa Kitui, Kiswahili akakipata vitabuni, na mtu aliyekipata kitu kwa jasho hukilinda kuliko aliyekirithi. Alipoajiriwa Kilifi, miongoni mwa watu waliozaliwa nacho kinywani, alijiapiza kwamba hakuna atakayemcheka. Kwa hiyo hakusema "wiki" kama tusemavyo wengi wetu. Yeye alisema "juma". Neno hilo liwekeni kando, tutalihitaji.

Kazi yake ilikuwa katika mradi wa maji uliopanga vyumba viwili juu ya duka la magodoro mjini Kilifi. Mradi ulikuwa na lori moja la maji, vijiji kumi na viwili vya bara ya Ganze vyenye kiu, na programu ya kompyuta ya kuamua lori liende wapi kwanza. Programu hiyo waliiita modeli. Ukiipa kina cha maji ya kisima na siku kilipopimwa, mara nyingi za kutosha, ilikuchorea mstari wa buluu unaoteremka na kukutajia tarehe ambayo kisima kitakauka. Kijiji ambacho tarehe yake iko karibu kiliwekwa juu ya orodha. Chenye maji ya kukifikisha kwenye mvua za Aprili kiliwekwa chini, kisubiri. Ni chombo kizuri, mimi sikidharau. Lakini chombo hujua kile kilichoambiwa tu, na hiki kilikuwa kikiambiwa na Mueni.

Mwezi wa Septemba walikwenda Kitsakani, kijiji cha mwisho kabisa barabarani, kuwafundisha watu kupima. Mueni alisimama mbele ya darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, akawaonyesha kamba yenye alama za sentimita na kipande cha chuma nchani. Unaiteremsha mpaka chuma kiguse chini, unaivuta, unasoma sehemu iliyolowa. "Mtapima kila juma," akasema kwa sauti ya mwalimu. "Mara moja kila juma, bila kukosa."

Wakamchagua mama mmoja aitwaye Kahaso awe mpimaji. Alikuwa amepita miaka sitini, nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kisimani, na alijua kuandika. Herufi alizipata ukubwani, katika gumbaru, na tangu hapo hakuna barua wala risiti iliyoingia Kitsakani asiyoisoma mara mbili. Mumewe Kalama alimtania kwamba siku hizi anaoa mke mpya kila jioni, maana wa zamani amegeuka karani. Siku ile kamba za kugawa zilikuwa zimekwisha kabla ya kuifikia Kitsakani, ikabidi Kahaso apelekewe yake na Okoth, dereva wa lori, mnamo Novemba. Mueni alijua hilo, kisha akalisahau.

Tarehe kumi Januari madaftari yote kumi na mawili yakakusanywa. Kumi na moja yaliandikwa na vijana, kila kipimo na tarehe yake. La Kahaso halikuwa na tarehe hata moja. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, namba zimesimama kama watoto wa shule kwenye foleni: Jumwa 1, mita 5.60. Jumwa 2, mita 5.40. Jumwa 3, mita 5.20. Ikaendelea hivyo hadi Jumwa 16, mita 2.60.

Mueni akacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha mwalimu anayesahihisha insha. Mama wa watu, w imetoka wapi? Isitoshe modeli yenyewe ilikataa. Kwenye safu ya muda ilikubali maneno matatu tu, siku, juma na mwezi, na kila lilipoona "jumwa" iligeuka nyekundu. Kulikuwa na kitufe kimoja cha kubadilisha neno kila mahali lilipo. Akakibonyeza, na makosa kumi na sita yakatoweka kwa mpigo mmoja. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwaminifu katika mambo madogo, akaandika chini ya ripoti: "Makosa ya tahajia yamerekebishwa."

Akahesabu majuma kurudi nyuma kutoka tarehe kumi Januari, yakaangukia mwisho wa Septemba, siku chache baada ya mafunzo. Hesabu ilikaa sawa sawa. Ingekaa upande, labda angepiga simu. Modeli ikachora mstari wake na kusema kisima cha Kitsakani kitakauka tarehe kumi na moja Aprili, na Kitsakani ikawekwa chini kabisa ya orodha, ya kumi na mbili kati ya kumi na mbili.

Katikati ya Februari Kahaso alipiga simu. Ilibidi apande kilima ili apate mtandao, na upepo ulisikika kwenye maneno yake.

"Shikamoo, mama," Mueni akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimepima. Yamebaki mita moja."

Mueni akaufungua mstari wa buluu. Kwa siku ile ulionyesha mita moja na sentimita sabini. "Mama, hebu pima tena. Huenda kamba imepiga fundo."

"Haina fundo."

"Au haijafika chini. Pima taratibu."

Kahaso akateremka kilima, akapima mara tatu, akapanda tena. "Ni mita moja vilevile," akasema. Kisha, kwa unyenyekevu ambao ungemtia mtu mwingine haya, akaongeza, "Basi mkono wangu ndio wenye kosa. Mashine yaona chini ya ardhi, mimi naona kamba tu." Wahenga walionya mtu asiache mbachao kwa msala upitao, na mbacha wa Kahaso ulikuwa ile kamba. Lakini aliuacha kwa sababu aliambiwa auache na mtu mwenye elimu. Kijijini walipoanza kunung'unika aliwatuliza mwenyewe: ngojeni, mashine inasema Aprili.

Jumatatu tarehe ishirini na tatu akapiga tena, na safari hii hakusubiri salamu.

"Mwanangu, ni shubiri mbili. Na nusu yake ni tope. Watu wanachota kwa kikombe, wanachuja kwa leso."

Mueni akaufungua tena mstari wa buluu.

"Kalama ataka kushuka achimbe chini," Kahaso akaendelea. "Wewe hujui habari za kisima hiki. Ukame ule mwingine nduguye, Kahindi, alishuka hivyo hivyo, ukuta ukamwangukia. Nimemuapisha Kalama asishuke. Amenipa hadi keshokutwa. Lori likiwa halijafika keshokutwa asubuhi, atashuka, na mimi sina tena la kumzuilia. Niambie, mashine yasemaje?"

Mueni aliutazama mstari. Ulikuwa umetulia pale pale, buluu, unashuka polepole kuelekea Aprili. "Bado inasema Aprili, mama," akasema. "Lakini nitauliza."

Na kweli aliuliza. Alikwenda kwa Gachanja, mkubwa wa ofisi, mtu wa Nyeri mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kumkaripia mtu na hakuwahi kumkubalia mtu haraka. Gachanja alimsikiliza hadi mwisho. "Kila kijiji kinalia, Mueni," akasema. "Tukifuata kilio, lori litaenda kwa wenye simu. Ndiyo maana tuko na modeli." Mueni akarudi kwenye kiti chake. Namba zilikuwa upande wake, na bado hakula chakula cha mchana.

Kesho yake, Jumanne, saa nne, Gladys aliingiza chai. Gladys alikuwa mtu wa Gede, na alikuwa amemwahidi Mueni mihogo ya shamba la mamake. Leo alikuja na birika tu.

"Mihogo je?" Mueni akauliza.

"Nilipita nyumbani jana, mama akakataa kuing'oa. Jana ilikuwa jumwa."

"Jana ilikuwa Jumatatu," Mueni akamsahihisha, kwa mazoea.

"Jumatatu yenu," Gladys akasema akimimina chai. "Kwetu ilikuwa jumwa. Unalima siku tatu, ya nne huingii shambani. Hiyo ya nne ndiyo jumwa. Sisi tumeshasahau, lakini wazee bado wanaihesabu. Usiombe umkute mama yangu na jembe siku hiyo."

Mueni alishika kikombe bila kukinyanyua. "Inarudi kila baada ya siku ngapi?"

"Si nimekwambia? Nne. Ijumaa hii ni jumwa tena."

Kuna hofu inayokuja kwa kelele na kuna inayokuja kimya, na hii ilikuja kimya. Mueni aliinuka, akafungua kabati, akalitoa daftari la Kahaso. Aliyasoma tena maneno yale kumi na sita, w zote mahali pake, hakuna hata moja iliyosahauliwa. Mtu anayekosea herufi huikosea leo na kuipata kesho. Kahaso hakuwa amekosea kitu. Aliambiwa apime kila jumwa, akapima kila jumwa.

Akaifungua modeli, akafuta majuma yote, akaweka tarehe: kumi Januari, sita Januari, mbili Januari, akirudi nyuma kwa hatua za siku nne nne mpaka akafika katikati ya Novemba, wakati Okoth alipopeleka kamba. Vidole vilikuwa vikikosa herufi, yeye ambaye maishani hakuwahi kukosa herufi. Mstari mpya ulipochorwa haukuteremka, ulianguka. Kisima cha Kitsakani kitakauka tarehe tatu Machi. Wiki moja tu kutoka leo, na kwa kuwa maji ya mwisho huwa tope, hata hiyo wiki haikuwapo. Akapekua alichoandika siku mama yule alipopiga simu akisema mita moja. Mstari mpya ulisema mita moja kamili.

Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini angalau methali inadhani mguu utakaovimba ni wa aliyedharau. Huu haukuwa mguu wa Mueni. Yeye alizaliwa Kitui. Alikua akifukua mchanga wa mto mkavu kwa bakuli, akingoja maji yajikusanye kama machozi ya mchoyo, na alijua mtu mwenye kiu hasubiri orodha. Aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni, na juu ya aibu hofu: keshokutwa ya Kahaso ilikuwa kesho.

Aliingia kwa Gachanja bila kubisha. Alimweleza yote, juma na jumwa, kitufe na w. Gachanja alilitazama daftari muda mrefu, akaitazama mistari miwili ya buluu, mmoja umelala na mmoja umeanguka.

"Lori liko wapi?" Mueni akauliza.

"Okoth alitoka saa kumi na mbili kwenda Bamba. Atarudi jioni. Kesho limepangiwa kijiji kingine." Akavua miwani. "Orodha ilishatumwa kwa wafadhili, nayo haibadilishwi kwa mdomo. Lazima kuwe na barua na sababu."

"Nitaandika hitilafu ya data."

"Hitilafu ya nani? Ukiandika hivyo watadhani ni yule mama, kwamba hajui kupima. Watamtoa kwenye kazi na watakataa namba zake zote, hata hizi mpya. Andika kilichotokea." Akavaa tena miwani. "Na nikwambie ukweli. Ukiweka jina lako hapo, Machi mkataba wako hautafanywa upya. Si mimi nitaamua."

Mueni aliandika. "Mimi, Mueni, nilibadilisha neno jumwa kuwa juma bila kumuuliza aliyeliandika. Vipimo vya Kahaso ni sahihi. Kosa ni langu." Ilikuwa mistari mitatu na ilimchukua nusu saa. Alipomaliza hakuisahihisha. Saa saba mchana jibu likaja: lori liende Kitsakani kesho asubuhi.

Sasa nitawaambia pale alipokosea zaidi, na hapo hapakuwa na kitufe cha kulaumu. Alimpigia Kahaso. Kwa bahati akampata kilimani, amekaa huko akingoja kupigiwa.

"Mama, lori linakuja kesho. Mwambie mzee asishuke. Kesho asubuhi, nami nitakuwa ndani yake."

Upepo ukavuma kwenye simu. "Kwani mashine imesema nini?"

"Imebadilika, mama."

"Jana Aprili, leo kesho?" Sauti ya Kahaso haikuwa ya ubishi, ilikuwa ya mwanafunzi aliyeletewa daftari limejaa wino mwekundu. "Nilikosea wapi, mwanangu? Nieleze nijue. Nilipima vibaya wapi?"

Ilitosha sentensi moja. Mueni alikuwa ameshaiandika kwa wafadhili asiowajua na angeweza kuisoma vilevile ilivyo. Lakini kuiandika karatasini ni jambo jepesi kuliko kumwambia mtu ambaye umemwita muongo kwa adabu wiki mbili nzima. "Ni mambo marefu, mama," akasema. "Tutazungumza nikifika."

"Haya," Kahaso akasema. "Njooni basi."

Jumatano alfajiri Mueni na Okoth walikuwa kwenye bomba la kujazia, mbele yao malori mawili mengine. Maji yalikuwa yanatoka kwa udhaifu, kama mtu anayelazimishwa kusema. Okoth alizima injini, akaiwasha, akaizima. Mueni alisimama kando ya mpira wa maji akiutazama, utadhani macho yangeuvuta. Kila dakika tano alimpigia Kahaso, na kila mara aliambiwa na sauti ya kurekodiwa kwamba nambari hiyo haipatikani. Walijaza na kuondoka saa mbili kasorobo.

"Mzee alisema asubuhi gani?" Okoth akauliza njiani. "Ya jua kuchomoza au ya chai?"

"Alisema asubuhi."

Okoth akakanyaga mafuta. Lami iliisha, vumbi jekundu likaanza, na lori lenye maji haliendi mbio hata ukililaani. Kila walipoingia shimoni maji yaliruka nyuma yao na Mueni akayasikia yakimwagika kupitia kifuniko. Mashamba ya mahindi pande zote yalikuwa makavu, mabua yamesimama bila kubeba kitu. Aliipanga ile sentensi kichwani. Mama, hukukosea popote, mimi ndiye niliyebadilisha neno lako. Aliirudia mpaka ikawa laini.

Walifika saa nne. Watu walikuwa wamezunguka kisima, wote wametazama chini, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kulitazama lori. Lori la maji limeingia katika kijiji chenye kiu na hakuna aliyegeuka. Mueni alijua kabla hajafungua mlango.

Kalama alishuka saa moja, na kufika saa mbili alikuwa amewapandishia ndoo sita za tope. Ya saba ilipokuwa njiani, ukuta wa mashariki ulitoa sauti ya gunia linaloraruka. Wanaume wanne walikuwa wamefungwa kamba sasa, wanashuka kwa zamu, wanachimba kwa mikono kwa sababu waliogopa majembe. Okoth alivua shati na kwenda kusaidia. Mueni alisimama na daftari mkononi. Hakujua kwa nini alikuwa amelibeba.

Saa sita walimtoa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, tope limemkauka usoni, na mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshika kata ya kuchotea. Hakuna aliyelia mara moja. Watu walikuwa na midomo mikavu, na kilio nacho kinahitaji maji. Kisha mwanamke mmoja akaanza, na kijiji kizima kikafuata.

Maji ya kwanza kutoka kwenye lori lile yalichotwa kumuosha Kalama. Hakuna aliyeambiwa apishe, lakini watu wote waliweka mitungi yao chini, wakasubiri, na watoto walioanza kusogea bombani walivutwa nyuma na mama zao. Beseni baada ya beseni lilipita mbele ya watu wenye kiu likiingizwa nyumbani kwa Kahaso, na wote waliinamisha macho.

Kahaso alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango. Leso yake ilikuwa na tope kiunoni. Alikuwa amejaribu kushuka mwenyewe wakamshika. Mueni alipiga magoti mbele yake na ile sentensi laini ikamponyoka.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba." Kahaso alimtazama. "Jana nilimwambia lori laja. Akaniuliza, kwa nini laja kesho na si Aprili? Nikakosa la kumjibu. Leo alfajiri akaniuliza tena. Kalama hakuwa mtu wa pupa, mwanangu. Angepata sababu angengoja. Akasema, mtu anayesema Aprili jana na kesho leo, kesho atasema nini?" Akashusha pumzi. "Sasa niambie. Nilipima vibaya wapi?"

"Hukupima vibaya," Mueni akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Hukukosea hata mara moja. Uliandika jumwa. Mimi nilidhani umekosea kuandika juma. Nikafuta ile w. Mashine ikadhani unapima kila siku saba. Jana ulipouliza, nilijua. Niliogopa kukwambia."

Kahaso alilichukua daftari kutoka mkononi mwake. Alilifungua kwenye ukurasa uliopigwa mistari, akapitisha kidole juu ya neno la kwanza, la pili, la tatu, hadi la kumi na sita, kama anayehesabu watoto aone kwamba wote wamerudi. Ndani ya nyumba maji yalisikika yakimiminwa.

"Ulisema juma," akasema hatimaye. "Siku ile shuleni. Nilikusikia vizuri. Watu wakataka kucheka, nikawakonyeza. Nikajua, mgeni wa watu ataka kusema jumwa, ulimi umemteleza. Ametaka kutuheshimu kwa neno letu. Si adabu kumkosoa mgeni mbele za watu." Akalifunga daftari. "Nikakusitiri."

Mueni aliinamisha kichwa hadi kikagusa magoti ya mama yule. Angependa apigwe. Angependa atukanwe kwa lugha asiyoijua. Mkono wa Kahaso ukamgusa begani, mzito, wenye tope, ukakaa hapo. Mueni hakuweza kujua kama ni wa kumsamehe au ni wa kujiegemeza tu asianguke.

"Nawe ungeniuliza tu," Kahaso akasema. "Neno moja. Ningekwambia."

Mlangoni mwanamume mmoja alitokeza akiwa na beseni tupu. Maji zaidi yalihitajika, alisema. Tope lilikuwa limeingia hadi kwenye nywele.

"Nilikusitiri wewe," Kahaso akasema akiinuka kwa taabu. "Sasa nisaidie tumsitiri Kalama. Lete maji."

Mueni alilipokea beseni, akaenda kwenye lori, akalijaza. Foleni yote ikampisha. Akarudi nalo mpaka mlangoni, na wanaume wakalichukua.